Hina ya Kidole Kimoja

Mhina wangu umechanua, na kila anayeingia uani kwangu Kinyerezi anausifu. Jirani aliniuliza juzi napulizia nini, maana harufu inaruka ukuta na kumfuata hadi jikoni kwake. Nikamwambia sipulizii kitu, ni mti tu. Lililobaki sikumwambia. Mhina unaochumwa kila wiki haupati nafasi ya kuchanua. Majani yanaishia kinuni na matawi yanapunguzwa kabla hayajafikiria maua. Ukiuona umejaa vishada vyeupe mpaka unainama, ujue mchumaji wake hayupo. Wenzangu wakiisifu harufu ile, mimi naingia ndani.

Naijua tangu sijaanza darasa la kwanza. Ilikuwa Chamazi, nyumbani kwa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu. Mumewe, Baba Mkubwa, alikuwa seremala. Siku moja alitoka asubuhi kwenda karakana, na alasiri akarudishwa amefunikwa shuka. Hawakuwa na mtoto. Matanga yalipoanuliwa na watu wakakunja mikeka yao, ikaonekana hakuna wa kutumwa dukani, na mjane anayekaa eda hatoki. Wakubwa wakanigeukia mimi. Mama alikuwa na mdogo wangu mchanga, baba alikuwa safarini na lori, na shule nilikuwa naisubiri Januari. Nilikuwa mtu pekee katika ukoo mzima asiye na shughuli.

"Utakaa na Mama Mkubwa mpaka eda iishe," mama aliniambia. Akanifungia magauni matatu kwenye mfuko wa rambo, akamweka sawa mdogo wangu mgongoni, akarudi Kimara.

Hakuna aliyenieleza eda ni nini. Nadhani kila mmoja alidhani mwenzake amenieleza. Nilichoona ni mapazia yaliyofungwa mchana, redio iliyogeuziwa uso ukutani, na Mama Mkubwa aliyevaa gauni moja lililopauka na kanga nyeupe kichwani, kila siku lilelile, likifuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi.

Nyumba ile niliijua vingine kabisa. Mama Mkubwa alikuwa fundi wa kupaka hina, na sikukuu nilizowahi kwenda kwake nilikuta wanawake wamejaa sebuleni, wamenyoosha miguu mkekani, vidole vimefungwa plastiki na uzi, wanacheka mambo ambayo watoto tulifukuzwa tusiyasikie. Majani yalitoka kwenye mhina uleule uliokuwa kwenye pembe ya ukuta, ambao Baba Mkubwa aliuleta kama kijiti kutoka Lindi walipooana, kwa kuwa mkewe alikuwa analalamika kwamba hina ya sokoni ni vumbi. Mama Mkubwa aliyakausha kivulini, akayatwanga, akayachekecha kwa kitambaa, akayakanda kwa ndimu na chai ya rangi. Kazi ikimpendeza aliushika mkono wa mteja, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema neno moja: "Imekolea." Kwake hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa hawaji. Waliokuja waliishia mlangoni, wakatoa walichobeba, wakampa pole na kuondoka. Simu yake ndogo ya batani ilipolia alijibu maneno yaleyale. "Niko edani, mwanangu. Tafuta mwingine, mie mpaka niitoke." Nilidhani amegombana na watu wote kwa mpigo. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma zaidi, kwa sababu watoto wa jirani nao walikatazwa kuja kupiga kelele kwenye nyumba ya msiba. Nilicheza rede peke yangu. Rede ya mtu mmoja ni kurusha mpira ukutani na kuukwepa unaporudi, na hakuna anayekuhesabia.

Kilikuwa kiangazi. Maji tulinunua kwa dumu, na Mama Mkubwa aliyapangia safari: yakitoka kwenye mboga yanaosha vyombo, yakitoka kwenye vyombo yanakwenda kwa mhina. Kazi ya kuyapeleka ilikuwa yangu. Mchicha ulikufa, mgomba wa jirani ukakunjamana, ardhi ikapasuka nyufa za kuingiza kidole. Mhina haukujali. Siku nyingine nilisahau na ukakaa na kiu wiki nzima, nikaenda kuuomba radhi, nikakuta umetoa majani mapya. Nilizungumza nao sana. Niliuambia habari za Kimara, za mdogo wangu, na za paka wetu ambaye mama aliniahidi atamtunza na nilijua hatamtunza.

Kila asubuhi niliuliza swali moja. "Mama Mkubwa, eda inaisha lini?"

Nadhani nilimchosha. Siku moja akanyoosha dole gumba la mkono wa kushoto. Wiki ile ile aliyofiwa alikuwa amejipaka hina kwa ajili ya harusi ya mtu. Dhahabu alivuliwa siku ya msiba, wanja ulikwenda na machozi, lakini hina haivuliwi. Viganjani ilififia yenyewe, ikabaki kwenye kucha.

"Unauona huu wekundu? Unapanda na ukucha. Huku chini umeshaanza kuwa mweupe. Ukiuona umefika hapa juu kabisa, umebaki wa kukata na wembe, basi eda imekwisha na wewe unarudi kwa mama yako."

Yeye alikuwa ananipa kalenda ya mtoto asiyejua kusoma. Mimi nilielewa kwamba eda ni kitu chekundu kinachokaa ndani ya ukucha. Kilimwingia siku Baba Mkubwa alipokufa, kikamfungia ndani, kikamfukuzia wateja, na sasa kinatoka polepole kwa njia ya juu. Maelezo hayo yaliniridhisha kabisa.

Nikaanza kukisaidia kitoke. Kama mhina ukimwagiwa maji unakua, ukucha nao utakua. Basi nikawa namnawisha Mama Mkubwa mikono. Kabla ya chai, baada ya chai, akiamka, akitaka kukaa, niko na kata na beseni.

"Mtoto huyu atanichubua," alimwambia muuza maziwa kupitia dirishani. "Sijawahi kuona mtoto ana adabu namna hii." Na kila baada ya kumnawisha nililiangalia dole gumba. Wekundu ulipanda kwa uvivu wa ajabu.

Eda ilipotimiza miezi mitatu, mhina ukachanua. Sikuwahi kuuona una maua, na Mama Mkubwa aliniambia hata yeye alikuwa amesahau, kwa miaka mingi hakuupa nafasi. Harufu iliingia dirishani ikajaa sebule yote. Alivuta kiti hadi penye pazia, akakaa hapo mchana kutwa amefumba macho. Mimi nilikaa chini nimeegemea miguu yake. Nafikiri siku zile, pamoja na upweke wake wote, nilianza kumpenda mtu yule kwa namna ambayo sikumpenda mtu mwingine tena.

Ijumaa alikuja wifi yake, Shangazi Salma, dada wa marehemu. Alikuja kila Ijumaa baada ya sala, akifuatana na kaka yake mkubwa, Mzee Hamisi. Mzee Hamisi hakuingia ndani, maana shemeji si wa kumwona mjane aliye edani. Alikaa barazani kwenye benchi, akaongea na Mama Mkubwa kupitia pazia. Shangazi Salma aliingia, akanusa.

"Nini kinanukia?"

"Mhina, wifi. Umechanua."

"Mjane hajitii manukato. Funga dirisha."

"Nimeambiwa nisijipake," alisema Mama Mkubwa. "Sikuambiwa nizibe pua."

Barazani Mzee Hamisi alikohoa, na mpaka leo naamini kilikuwa kicheko. Shangazi Salma alinyanyuka akalifunga dirisha mwenyewe.

Walipoaga, mimi nilikuwa nyuma ya mhina na sufuria yangu ya maji machafu. Walisimama upande wa pili wakisubiri bajaji, hawakuniona.

"Eda ikiisha tu, hii nyumba iangaliwe," Shangazi Salma alisema. "Hana mtoto hapa. Anakaa kama nani?"

"Mke wa ndugu yangu hatolewi kama mpangaji," alijibu Mzee Hamisi. "Nishasema mara mbili, Salma. Akae mpaka kufa kwake. Mie ndo mkubwa."

"Sawa, kaka. We ngoja eda iishe tu."

Mzee Hamisi yuko upande wetu, hilo lilinipita bila kulishika. Nilichobaki nacho ni kwamba eda ikiisha, Mama Mkubwa anatolewa. Nilikimbilia ndani nikatazama dole gumba. Wekundu ulikuwa umepanda hadi karibu na ncha, umebaki upana wa punje mbili za mchele. Na mimi nilikuwa nimeumwagilia maji miezi mitatu.

Siku chache nilitembea na jambo hilo peke yangu. Hakukuwa na wa kumwambia, na mhina haukujibu. Upande mmoja kulikuwa na mama yangu, mdogo wangu, paka wangu. Upande wa pili Mama Mkubwa yuko barabarani na mabegi yake. Nikaamua. Nakumbuka nililia kidogo nyuma ya choo nikiwa naamua, kwa sababu nilijua kwamba nikiizuia eda isitoke najifungia na mimi humo ndani.

Siku ya Alhamisi, Mama Mkubwa alijinyoosha mkekani baada ya adhuhuri kama kawaida yake. Nilichuma majani, nikayaponda kwa jiwe kwenye ngazi ya jikoni. Nikakamua ndimu. Nikaongeza chai iliyobaki kwenye kikombe chake. Nilikuwa nimeyaona hayo mara nyingi mno, mikono ilijiendea. Alilala ameutupa mkono wa kushoto nje ya mkeka. Nikaupaka ukucha wote, kuanzia shinani mpaka nchani, nikaukatia kipande cha plastiki, nikauzungushia uzi mweupe, taratibu, kama alivyowafunga maharusi wake. Kisha nikakaa kumpungia nzi ili asiamke. Nilikaa mpaka muadhini wa alasiri.

Alipofungua macho alilitazama dole gumba kwa muda. Hakushtuka.

"Nani kakufundisha kufunga uzi hivi?"

"Nilikuonaga ukiwafunga maharusi."

"Na kwa nini mie?"

"Nimeongeza eda," nikasema, na nilijivuna. "Shangazi Salma kasema ikiisha unatolewa. Sasa haitaisha."

Alijifunika uso na ncha ya kanga. Mabega yalitikisika, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka. Alipofunua uso akanivuta karibu.

"Eda haiongezwi, mwanangu. Wala haikai kwenye ukucha. Ni siku tu, zinahesabiwa."

"Zimebaki ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Aling'oa plastiki, akasugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa dodoki. Ukucha ukabaki na rangi ya chungwa. Mimi nikakimbilia kumletea kipande cha ndimu.

"Acha ndimu," alisema haraka. "Ndimu inaizidisha." Na hapo ndipo aliponieleza kwamba mwanamke aliye edani hajipaki hina, wala wanja, wala mafuta ya kunukia, na kwamba watu huangalia. Aliongea polepole sana. Yeye kuliko mtu yeyote Chamazi nzima alijua kwamba hina ikiwa rangi ya chungwa leo, kesho ni nyekundu. Na kesho ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi alikwenda dirishani, akalifungua pazia kidogo, akaligeuza dole gumba kwenye mwanga.

"Imekolea," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, hata siku hiyo.

Shangazi Salma alikuja na uji wa mchele kwenye bakuli lenye mfuniko. Mzee Hamisi akaketi barazani, akatoa salamu kupitia pazia. Mama Mkubwa alikuwa ameuficha mkono ndani ya kanga, na angeuficha mpaka waondoke, lakini wifi yake alimnyooshea bakuli, na Mama Mkubwa hakuwa mtu wa kupokea kitu cha mkubwa wake kwa mkono mmoja. Akatoa yote miwili. Bakuli likabaki katikati, hakuna aliyelivuta.

"Nini hiki?"

Shangazi Salma aliliinamia dole gumba.

"Hina. Mbichi hii, ya jana." Akapaza sauti ili isikike nje. "Kaka Hamisi, unasikia? Mke wa ndugu yako anajipaka hina, ndugu yako hajatimiza miezi minne kaburini. Nani kakupaka? Kuna mtu anaingia humu ndani?"

Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na kikombe cha maji ya mgeni. Shangazi Salma alinigeukia. "We mtoto. Nani kampaka mama yako mkubwa?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Maneno yalikuwa mawili tu na nilikuwa nayo, lakini uso wa mama yule ulinijaa machoni na kikombe kikainama, maji yakanimwagikia miguuni.

"Mwache mtoto," Mama Mkubwa alisema. "Nimejipaka mwenyewe."

Nje benchi lililia, mtu akiinuka. Tulisikia kandambili za Mzee Hamisi zikishuka ngazi za baraza, zikatembea juu ya changarawe, zikaishia barabarani. Hakuaga. Shangazi Salma aliliacha bakuli mezani, akamfuata.

Mama Mkubwa hakunigombeza. Siku hiyo wala nyingine. Aliniambia nile ule uji kabla haujapoa, kisha tukaosha vyombo, na nikapeleka maji kwa mhina kama siku zote. Ningefurahi kama angenichapa.

Siku ishirini na mbili zikaisha. Wanawake wakaja wakamwogesha, wakamvisha gauni jipya, wakamtoa eda kwa ubani na dua. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu nilipofika, na ilipofika sikuitaka. Mzee Hamisi hakuja. Wiki iliyofuata alimtuma kijana wake aseme kwamba familia imekaa na kuamua nyumba iuzwe, kila mrithi apate fungu lake. Kusema mara mbili alikuwa amesema. Mara ya tatu hakusema.

Mama Mkubwa alitoka Chamazi na mabegi mawili na mimi. Mlangoni alirudi, akakata kijiti kwenye mhina, akakizungushia kitambaa kibichi.

"Hata mti unachukua?" Shangazi Salma aliuliza.

"Nachukua kijiti, wifi. Mti nawaachia."

Tuliishi naye Kimara, chumba cha uani. Kijiti alikichomeka karibu na bafu, mahali ambapo maji ya kuogea yanapita, na Kimara ya wakati huo maji ya bomba yalikuwa habari ya kusimuliwa. Kikashika. Baada ya mwaka na nusu alikuwa anachuma, na wateja wakamfuata mpaka huko. Kwa macho ya watu mambo yalikuwa yamekaa sawa. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama yangu, na Mama Mkubwa nikampata vilevile, vitu vyote viwili nilivyovilia nyuma ya choo. Sikuweza kufurahia hata kimoja.

Maana alipojipaka hina, alijipaka kucha tisa. Dole gumba la kushoto aliliacha jeupe. Kila sikukuu, kila harusi, vidole tisa vyekundu na kimoja kitupu. Wateja walipomuuliza alisema, "Hicho kimepumzika." Mimi sikuuliza. Nilijua hukumu yangu nikiiona. Nilikula nayo sahani moja, nikaenda nayo shule, na siku alipokuwa ananipaka mimi kwa ajili ya harusi yangu mwenyewe, alishika mkono wangu kwa mkono ule, nami nikatazama dari muda wote. Watu walisema bibi harusi ana haya.

Nilipojenga Kinyerezi niliomba kijiti kutoka kwenye mhina wa Kimara. Miaka yake ya mwisho, mama yangu alipokuwa ameshatangulia na chumba cha uani kimekuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja, akahamia kwangu, akawa anauchuma huu wa hapa. Kisha akaugua, vidole vikashindwa kushika mchi. Hina ikapanda na kucha zake, ikakatwa, ikaisha. Mume wangu kazini, watoto shule. Tukawa mimi na yeye tena, nyumba imenyamaza, pazia limeshushwa kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Nilikuwa namnawisha mikono alipoisukuma kata pembeni akasema, "Bado unanichubua tu."

Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Mama Mkubwa, hiki kidole."

"Kina nini?"

"Hukukipaka tena. Kwa sababu yangu."

"Ndiyo," alisema. "Kwa sababu yako."

Niliendelea kushika beseni.

"Ulianza wewe," akasema. "Nikasema nikuachie, siku ukitaka kumaliza utaniambia. Nikangoja. Ukaenda shule, kimya. Ukaolewa, kimya. Nikasema, mtoto kasahau."

"Sijasahau hata siku moja."

"Basi tumekaa wawili na jambo moja, kila mtu chumbani kwake."

Nikamwuliza kuhusu nyumba. Niliuliza vibaya, kwa kulia, mtu mzima mwenye watoto.

"Nyumba ilikuwa inaondoka. Salma asingeona hina angeona kingine. Mie sikutaka ukue unajua ni wewe."

"Nilijua vilevile."

"Najua ulijua. Nilikuonaga unavyokitazama." Akaninyooshea dole gumba. "Haya. Nipake."

Nilichuma majani mabichi, nikayaponda kwa jiwe ingawa kinu kipo, nikakamua ndimu, nikatia chai ya kikombe chake. Nilipofunga uzi alisema nimeulegeza, nikaukaza. Kesho yake macho yake hayakuona vizuri, akaniuliza imekuwaje. Nikaligeuza dole gumba kwenye mwanga wa dirisha, nikamwambia. Alilala akiwa ameukunjia mkono ule kifuani.

Hakukaa sana baada ya hapo. Mwoshaji alikuwa mama mmoja wa mtaa wetu, mwenye haraka zisizokosa heshima. Tulikuwa wanne chumbani, na mimi nilishika kata. Alikagua vidole vya miguu, akakagua vya mikono, kama wanavyofanya kuhakikisha hakuna kitu cha kuzuia maji yasifike. Akasimama kwenye dole gumba la kushoto. Shinani mwa ukucha palikuwa pameanza weupe mwembamba, usiofika hata punje ya mchele. Kwingine kote palikuwa pekundu.

"Hii rangi au hina?" aliuliza. "Rangi lazima itolewe."

"Hina," mmoja akajibu.

"Kidole kimoja tu? Nani kampaka?"

Nje, chini ya dirisha, wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi wakisubiri, na sauti zao za chini zilikuwa zinaingia ndani, kwa hiyo nilijua yangu nayo itatoka.

"Mimi," nikasema. "Nimempaka mimi."

Mama yule aliushika ule mkono, akaugeuza kidogo kwenye mwanga. "Imekolea," alisema, akanionyesha kwa kichwa nimimine maji.